Kahawa Mbili na Vyuma vya Joyness

Kosa lilikuwa langu, naliandika mapema lisije likatafutiwa mwenyewe. Nilitoka Kamachumu na kifurushi cha kahawa za kutafuna, zile kavu zilizochemshwa na majani, nikafika Nyakahura kwa Rozalia, binti wa marehemu kaka yangu. Mimi sikai mahali pamoja. Nikifika kwa mtu, nampa kahawa kabla hata ya kuulizana habari. Nikampa na Joyness, bintiye wa miaka ishirini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Tafuna."

Akasita.

"Unanikataa mkono?"

Basi akatupia mbili mdomoni. Nikasikia ka! Alipofungua mdomo ndipo nikaona vyuma. Alifungwa vyuma hivyo vya kunyoosha meno huko Mwanza, wiki mbili nyuma: kila jino na kidude chake kilichogandishwa, na waya mmoja umevipitia vyote. Sasa kimoja kilining'inia, na ncha ya waya ilikuwa inamchoma shavu.

Rozalia akatoka jikoni na mwiko. "Si nilisema? Siku nne za mwanzo analia na uji. Ndizi nampondea kama mtoto mchanga. Muwa hapana, muhindi wa kuchoma hapana. Sasa damu! Baba mdogo, una plaizi ya baiskeli. Kata nyaya zote, tupumzike."

Plaizi ninayo, haiachi mfuko wangu. Nikaitoa.

Joyness alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, kama alivyozoea tangu meno ya mbele yalipoota yamepandana. Akakishusha.

"Mama, tangu darasa la nne naimba kwaya nimejifunika. Daktari hakunificha. Alisema kila akikaza waya yatauma siku tatu, nne. Mdomo utachubuka. Miaka miwili, halafu kuna kingine cha kuvaa nikilala, meno yasirudi. Nikaitika. Babu akikata, narudi pale pale."

"Na kidude kikibanduka?"

"Tusikate, tusivute. Tumpigie daktari, niende."

"Unabishana na mama yako?"

"Nabishana na meno, mama."

Rozalia akataka kukasirika, kicheko kikamshinda. Nami nikarudisha plaizi mfukoni.

Ila waya bado ulichoma. Nilikuwa na bonge la nta ya nyuki kutoka Biharamulo, ya kupakia uzi ninaposhona viatu njiani. Nikalipasua, nikampa ya ndani, safi. Akanawa, akaviringa kipande kama punje ya maharage, akakibandika kwenye ncha.

"Daktari alinipa kama hii, imeniishia."

Alhamisi tukapanda basi la Mwanza wote wawili. Sikuweza kumwacha aende na kosa langu peke yake. Daktari akagandisha upya, kisha akanigeukia.

"Mzee, ndiye wewe wa kahawa?"

"Ndiye mimi."

"Mpe mkononi. Asitie mdomoni."

Kurudi, basi liliposimama Biharamulo, mahindi ya kuchoma yakanyanyuliwa madirishani. Joyness akaninunulia muhindi, yeye akachukua ndizi mbivu. Akaitafuna polepole upande mmoja, machozi yakimlenga.

"Inauma?"

"Inauma. Kula, babu, usinionee huruma."

Tulipofika nyumbani nikampa kahawa mbili, adabu ni adabu. Akazipokea kwa mikono miwili, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Hizi nazitunza. Siku nikivuliwa vyuma uwe hapa tuzitafune, hata uwe unazurura wapi."

Nimeahidi. Na mimi ahadi ya kuwa mahali siku fulani sijawahi kumpa mtu.