Amotisere Nyeusi za Papa Faustin

Papa Faustin wa Hewa Bora alikuwa na vitu viwili alivyovipenda kupita vyote: Mama Ngalula, bibi yake wa ndoa ya miaka makumi matatu na minane, na moto yake, pikipiki kubwa ya chini-chini yenye kiti kipana kama kitanda cha misioni. Tabu ni kwamba tangu Pasaka vitu hivyo viwili havikusalimiana.

Ilianzia njia ya Kasungami, wakienda kwenye shamba la mihogo. Kila shimo, amotisere za nyuma, vile vyuma vya kumezea mishtuko, zililia ko!, na mgongo wa Mama Ngalula ukajibu. Kwenye shimo la saba mama akapiga yowe. Mwanaume mwenye akili angesema pole. Papa Faustin, ambaye alizeekea kwenye reli akisemezana na mashini tu, alisema:

"Punguza bukari, mama. Moto inachoka."

Kuambiwa apunguze ugali! Mama Ngalula akamgonga begani. Moto ikasimama. Akashuka, akafunga kikwembe chake vizuri, akamaliza njia kwa miguu. Toka siku ile anapanda taksi-moto ya mwanaume mmoja aliyefiwa na mke, ambaye humwita mama Maman Chérie, na kicheko chao kinasikika avenue ya pili.

Sasa Jumapili padri angebariki ndoa za wazee. Papa Faustin alijiona amesimama mlangoni mwa kanisa peke yake, na bibi yake anashuka nyuma ya mwanaume mwingine, machoni pa parokia nzima. Akachukua kopo la maziwa alimowekea akiba yake, akaenda kwa Chisanga, fundi wa moto.

Chisanga akamtandikia amotisere za aina mbili juu ya gunia. Za kwanza zilimetameta, ungeweza kunyolea ndevu ndani yake. Za pili zilikuwa nyeusi tii.

"Hizi za kumetameta njo minataka," akasema Papa Faustin.

"Hizo ni za kuangalia, papa. Hizi nyeusi, resort yake, hii chuma ya kujizungusha, iko nguvu. Na hii pete ya chini, unaikaza kama muko babili, unailegeza kama uko peke yako."

"Nyeusi sawa sufuria ya matanga!"

"Unanunulia macho ao mugongo? Mama iko na kilo ngapi?"

"Soixante."

Makumi sita! Mama Ngalula aliyapita makumi sita kabla ya mtoto wa pili. Chisanga akaangalia bonde lililobaki kwenye kiti cha nyuma.

"Papa, kiti inakatala."

"Basi, ongeza kidogo. Lakini usipige kelele."

"Kilo, bantu banabongopaka, kila mutu anapunguza. Miye minapima na metre, moto inashuka namna gani kama bantu beko yulu ya kiti. Lete mama."

Kumleta! Ingekuwa rahisi kumletea kichwa cha treni. Jioni ile Papa Faustin akazunguka jiko mara tatu kabla ya kufungua kinywa.

"Mama, pardon."

"Pardon ya mikono mitupu?" Mama Ngalula hakuacha kusonga bukari. "Kwetu Kasai, mwenye kukosa analeta kibawu. Kuku. Muke, mwenye kutaga. Na maneno ulisemea njiani, utairudisha mbele ya bantu."

Basi kuku akanunuliwa sokoni, mweupe, mnene, mwenye bei ya kiburi. Kabla hajadonoa punje moja ya mahindi, alikuwa amekwisha kula amotisere zote mbili za kumetameta. Pesa zilizobaki ndani ya kopo zilitosha zile nyeusi tu.

Ijumaa Mama Ngalula akafika kwa Chisanga, kuku kwapani. Watu waliongojea moto zao wakasogea karibu, maana habari ilitangulia.

"Papa kwanza, peke yake," akasema Chisanga.

Papa Faustin akapanda, akakaa. Ko! Chisanga hakufungua hata metre yake ya kupimia. Alipitisha kidole chini ya amotisere ya zamani, kikatoka na mafuta.

"Hii ilikufaka zamani, papa. Mafuta yote ilitoka. Uko peke yako na inagonga chini."

Kuku akaguna kwapani.

"Sema," akasema Mama Ngalula.

Papa Faustin akakohoa. "Bantu yangu, haikukuwa bukari ya Mama Ngalula. Ilikuwa moto. Na tumbo yangu pia."

"Tumbo sikuulizaka. Lakini minapokea."

Chisanga akafunga zile nyeusi, akawapandisha wote wawili, akapima, akakaza pete, akapima tena. "Njo vile."

"Ni vile kwako," akasema Mama Ngalula. "Miye, shimo ya saba njo itasema kama minapanda siku ya Mungu."

Wakaenda Kasungami, kuku kati yao. Shimo la kwanza, kimya. La tatu, kimya. Papa Faustin alihesabu kama mtu anayehesabu dhambi zake. Kwenye la saba moto ikazama polepole, ikapanda polepole, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Papa Faustin hakuthubutu kugeuka.

Halafu akagongwa begani.

Akasimamisha moto. Hapa ndipo mama aliposhuka siku ile.

"Faustin."

"Mama."

"Geuza. Turudie kale kashimo."