Tofi ya Mwalimu

Semina yetu ya mwaka wa kwanza ilikuwa na wanafunzi wanane, meza moja na Redio. Redio ni mwalimu. Alizoea kufundisha kwenye kumbi kubwa, na walipomleta kwenye kichumba chetu hakupunguza sauti. Anauliza swali zuri, la kukukosesha usingizi, halafu kabla hujameza mate keshalijibu mwenyewe. Nampenda sana yule mzee, lakini mdomo wake hauna breki.

Sisi saba tulijifunza kumdakia maneno. Wa nane, tuliyemwita Taratibu, hakuweza. Yeye huwaza kwanza. Anapofungua mdomo, Redio ameshafika mbali. Na kanuni ilikuwa kwamba asiyechangia hata mara moja hadi mwisho wa muhula anarudia kozi. Zilipobaki siku chache, Redio alimkumbusha hilo kwa huruma kabisa, na msichana wa watu alipotaka kujibu, akamkatiza. Sikujua nicheke au nilie.

Tukala njama bila Taratibu kujua. Siku ya kikao cha mwisho nikanunua tofi, zile ngumu zinazong'ang'ania meno, nikazipitisha mezani. Redio hana ujanja mbele ya kitu kitamu. Akauliza swali lake, rafiki ni nani, na papo hapo akatupia tofi mdomoni.

Akataka kujibu. Taya zikagoma. Akatugeukia sisi wapiga domo, nasi tukainamia meza. Nilijiuma ulimi kwelikweli, maana jibu nilikuwa nalo, tena zuri. Kimya kikawa kirefu mpaka feni ikasikika. Taratibu akaweka kalamu chini.

"Rafiki," akasema, "ni mtu anayependa sana kuongea, halafu siku moja ananyamaza ili na wewe useme." Akatutazama mmoja mmoja. "Nimewaona. Asanteni."

Redio akapangusa macho. Akiwa na tofi shavuni, akasema kwa shida kwamba hana la kuongeza. Hatukuwahi kumsikia akisema hivyo.

Muhula uliofuata tulirudi wote wanane. Redio alikuja na pakiti yake mwenyewe ya tofi. Akauliza swali la kwanza, akatia moja mdomoni, akamgeukia Taratibu, akangoja.