Paa la Kavira Laenda Niania

Matanga ya Katsuva yalipokwisha, mdogo wake Kule alimwambia mjane, Kavira, kwamba kiwanja kile cha mtaa wa Mudzipela ni cha ukoo, na kwamba mama yao mzee, Vahwere, atabaki humo kukilinda. Kavira hakubisha. Alisema tu kwamba mabati ya paa ni yake, aliyanunua mwenyewe kwa biashara ya maharagwe, na ataondoka nayo. Kule alicheka, akidhani ni uchungu unaosema. Haukuwa uchungu. Tangu mazishi moyo wa Kavira ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na mtu wa namna hiyo anaweza kung'oa hata nyumba.

Dada yake Suzanne aliuza chakula Niania, kando ya barabara ya malori, na alikuwa na mahali pa kumjengea. Kilichobaki ni kupata wa kuhamisha vitu, tena kabla Kule, aliyekuwa amesafiri kwenda Aru, hajarudi. Akirudi na kuyakuta mabati juu, hayatashuka tena.

Alianzia sokoni. Alphonse alikuwa na lori kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Siku zile serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, basi alijitambulisha kwa jina refu la mababu ambalo hata wapakizi wake hawakulijua. Alimwita Kavira citoyenne, yaani raia, kama serikali ilivyoagiza, akamsifu marehemu ambaye hakuwahi kumwona, akaapa kwamba mzigo wote ule si kitu. Ndiyo hivyo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kavira alimwacha akiwa bado anatoa pole.

Assani alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuja mpaka nyumbani, akagonga mbao, akaeleza jinsi atakavyong'oa misumari polepole ili bati lisipinde. Mtaa mzima ulimsifu, na Kavira alikuwa karibu kukubali. Kisha Assani akamwona Vahwere akianika mihogo uani.

"Mama, tukitosha mabati kwa nyumba, uyu muzee atalala wapi?"

"Sijue," Kavira alisema.

Ilikuwa kweli. Hakuwa amelifikiria jambo hilo, na sasa alipoulizwa hakutaka kulifikiria. Alimwambia Assani atamtumia habari, na hakumtumia.

Akamchagua Michel. Lori lake lilikohoa, na watu walisema kabati likipanda kwake zima hushuka kuni. Lakini Michel aliuliza tu mzigo uko wapi na unakwenda wapi, basi. Kwa hilo tu akapata kazi.

Jumamosi asubuhi watu wa Michel walipanda juu. Mabati yaling'oka kwa kelele, na mwanga ukaanguka chumbani, mpaka pale Katsuva alipolala mgonjwa. Kavira alipatazama, asisikie uchungu wowote.

Vahwere alitoa mkeka wake nje mwenyewe, bila kuambiwa. Kisha akaketi karibu na ukuta, akawa anaokota misumari iliyokuwa ikianguka, anainyoosha kwa jiwe, anaitia katika kopo la maziwa. Kopo lilipojaa akamletea mkwewe.

"Kamata, mwana. Misumari ya leo iko inapinda mbio."

Kavira alilipokea. Lilikuwa na joto la mikono ya mzee. Juu ya kuta zile nne wingu la mvua lilikuwa linakusanyika. Michel alimaliza kufunga kamba, akashika usukani, akauliza anachomuuliza kila mtu.

"Ni byote, mama?"

Ganzi ikianza kutoka, huuma. Ilimuuma Kavira toka kifuani hadi magotini. Alijua Kule atasema nini, atamwita mwizi wa bati na wa mama pia. Na aseme.

"Hapana," alimwambia Michel. "Bado mama."

Akarudi uani, akaanza kukunja mkeka wa Vahwere.