Pumzi ya Chiriku

Mwalimu wa filimbi wa binti yangu hakupokea wanafunzi wawili kwa wakati mmoja, hata wawe mapacha. "Filimbi ni pumzi, baba," aliniambia siku ya kwanza. "Wakipuliza wawili, simsikii hata mmoja." Nikaona maringo tu. Mimi ni seremala. Nafundisha watu watatu kwenye meza moja, na makabati yao yanasimama wima.

Lakini sikio lile ndilo lililosikia kabla ya daktari yeyote. Chiriku, jina tulilompa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alipenda wimbo mmoja wenye sehemu ndefu ya kupigwa kwa pumzi moja. Kila akifika katikati, alikatika. Mama yake alisema anadeka. Mwalimu akanifuata kizingitini, nilipozoea kukaa nikimsubiri mtoto.

"Huyu hadeki," alisema. "Mpelekeni hospitali."

Ulikuwa moyo. Dawa zilisaidia kidogo, kisha hazikusaidia.

Mwalimu hakumwachisha. Kadiri mtoto alivyopungua nguvu, alimtafutia mahali pa kupumua ndani ya ule wimbo, hapa, na hapa tena, mpaka ukawa vipande vipande, na bado ulikuwa mzuri. Mimi pale kizingitini niliushika ulivyo. Nikipiga randa karakanani nilipiga na mluzi, nikisimama palepale aliposimama yeye.

Tukamzika.

Baada ya msiba mke wangu akanituma nirudishe filimbi, maana ilikuwa ya kuazima. Mwalimu hakuipokea.

"Saa yake ya somo sijampa mtu. Kaa, Baba Chiriku."

"Kwa vidole hivi, Mwalimu? Kimoja kitaziba matundu mawili."

"Kaa."

Basi nikawa mwanafunzi, mtu mzima na mvi zangu, napuliza kama anayepoza chai. Alinishika kidevu, akaniweka sawa midomo, akanirudisha mwanzo tena na tena. Hakunionea huruma hata kidogo, na nilimshukuru kwa hilo, kwa sababu huruma za watu zilikuwa zimenichosha. Nilipoweza, nikampigia wimbo wa mwanangu na vituo vyake vyote.

"Mapafu unayo," alisema. "Mbona unasimamasimama?"

"Hapo ndipo alipopumzika mwanangu. Usinigusie hapo!"

Nilifoka. Yeye hakukasirika, machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

"Kila somo likiisha, aliniomba ajaribu mara moja bila kusimama," alisema. "Nami nilimwambia, wiki ijayo, mwanangu. Nilikuwa namdanganya, na nadhani alijua. Vile vituo nilivitaka mimi, Baba Chiriku. Yeye alitaka kufika."

Niliinua filimbi tena. Kisha nikavuta pumzi, nikaanza. Nikapita kituo chake cha kwanza, nikakipita cha pili, kila kimoja kikinichoma, mpaka mwisho wa wimbo. Ilikuwa rahisi. Mungu anisamehe, ilikuwa rahisi. Niliposhusha filimbi, kifua changu kilikuwa bado kina pumzi tele, na wa kumgawia hayupo.