Chai ya Wifi Wafaa

Nakwambieni kweli, Wafaa mie nilikuwa simpendi. Ni wifi yangu, dada yake mume wangu Yazid, anakaa Riyadh na mwanawe Sultan, na tangu niolewe hajapata kula chakula changu asikitie kasoro. Mchuzi chumvi, wali bokoboko. Basi nilipoanguka, yeye ndiye niliyekuwa sitaki kumuona kabisa.

Nasema kuanguka, lakini sikuanguka popote. Huzuni tu iliniingia, nikawa silali, sili, sikogi. Sie Wazanzibari wa Jeddah kuhani msiba tunajua, lakini msiba wangu haukuwa na maiti. Kila aliyekuja akiniuliza, "Kwani nani amekufa, Saleha?" Wakaniletea Zamzam, wakanisomea, Mungu awalipe. Daktari akanipa vidonge, akasema vitachukua muda, nisiache kula. Kula ndiko kulikonishinda. Yazid akifua, akifagia, akinilisha kwa kijiko, nami nazidi kuisha kitandani. Siku moja nikamsikia jikoni akimlilia dadake kwenye simu: "Wafaa, mke wangu ananipotea huku namtazama."

Wafaa akapanda basi akaja Jeddah, mtaani kwetu Baghdadiyah. Pole hakunipa. Alikaa sebuleni na buibui lake, akapaza sauti mpaka chumbani kwangu.

"Nyumba hii mgeni hapewi chai?"

Yazid akakimbilia birika. "Wewe kaa," Wafaa akamwambia. "Nimekuja kwa wifi yangu."

Nikangoja achoke, hachoki. Adhuhuri ikapita, na mgeni hajatia kitu mdomoni. Mie nimelelewa na watu walionifunza kwamba mgeni akitoka na kiu kwako, aibu ni yako. Nikainuka kwa hasira, nikashika ukuta mpaka jikoni. Chai nikaichemsha, hiliki nikasahau.

Akaonja. "Hii chai au maji ya kuoshea sufuria? Hebu onja mwenyewe."

Nikaonja, nipate kumtukana vizuri. Siku nyingi nilikuwa sijanywa kitu bila kubembelezwa.

"Kesho utatia hiliki," akasema.

Kesho akataka hiliki, kesho kutwa akataka mkate wa kumimina. Ukitoka anaumega, nusu ananisukumia mimi: "Kula. Kama ni sumu, tufe sote." Yazid akamuona katili, akamkumbusha kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. "Jembe lima nalo wewe," Wafaa akamjibu, "mie bado mgeni." Alikaa mpaka nikakoga bila kuambiwa, mpaka siku moja nikacheka. Halafu akafunga sanduku lake, akasema chai yangu bado mbovu, akaenda zake.

Huzuni haikuisha, nisikudanganyeni. Ipo, na vidonge nameza mpaka leo. Lakini naamka, na kila asubuhi nikitia hiliki kwenye birika namuombea dua yule mwanamke mwenye ulimi wa pilipili.

Mwezi uliopita Sultan akanipigia simu. "Mkaza mjomba, mama haamki. Ile ya zamani imemrudia."

"Ya zamani ipi?"

"Hakukwambia? Nilipokuwa mdogo alilala hivi hivi, hali, hasemi. Hakutaka mtu ajue."

Nililia. Nilimkasirikia kwa kunificha, kisha nikamshukuru Mungu kwa kunipa wifi aliyepita njia ile kabla yangu na akakumbuka kurudi kunichukua. Yazid akanikatia tiketi siku ile ile.

Riyadh nilimkuta kageukia ukuta, nywele hazijachanwa. Pole ilinifika kwenye ulimi, nikaimeza. Kwa daktari Sultan kishampeleka, vidonge vipo mezani. Nikakaa sebuleni na buibui langu, mlango wa chumba chake uko wazi.

"Nyumba hii," nikasema kwa sauti, "mgeni hapewi chai?"

Sultan akataka kunyanyuka, nikamkalisha kwa jicho. Adhuhuri ikapita. Koo limenikauka kweli, na moyoni nasema, inuka dada yangu, inuka. Karibu na Alasiri kitanda kikalia, kisha nikasikia miguu inaburutwa kwenda jikoni, na maji yanamiminwa birikani.

"Na hiliki usisahau," nikamwambia.

"Nyamaza wewe," akasema Wafaa.

Nikasema Alhamdulillahi, nikakaa kuingoja chai yangu mbovu.