Mkono Uteleze Kidogo

...kidogo tu, alisema kanali, mkono uteleze kidogo tu, sajini, kana kwamba mkono wangu ni sabuni, kana kwamba miaka yote hii niliyolala kifudifudi juani nikiufundisha usiteleze ilikuwa michezo ya watoto, akaniita pembeni asubuhi pale mlangoni mwa ghala la silaha, mtu mzima na nyota zake, akanong'ona, "Bunduki ya zamani ipige pembeni, mpya uipige katikati, wageni waone tofauti kwa macho yao, au wewe huitaki mpya?", na mimi nikasema ndiyo afande, mdomo wa askari umelizoea neno hilo kama mguu ulivyozoea kiatu, unalitamka wenyewe, na sasa nimelala hapa juu ya turubai, kitako cha bunduki ya zamani kiko begani, shabaha iko kule mbele ya tuta la udongo, nyeupe, ndogo kama jino la mtoto, na nyuma yangu chini ya hema jenerali, kanali na wageni wanabishana, bado hawajamaliza, na mpaka wamalize mimi ni gogo, gogo lenye masikio... naitaka, ndiyo, hilo simfichi mtu, nimekaa na hiyo mpya majuma mawili nikiijaribu na sijaiona kasoro, nyepesi, mtutu wake haupotoki ukipata moto, darubini yake inakuonyesha nzi aliyetua kwenye shabaha na ukikaza jicho utajua kama ana haraka, na haipigi teke, hii kongwe inapiga teke kama punda aliyeamshwa, mpaka mume wangu aliliona bega langu akauliza huko kambini ananipiga nani, nikamwambia ni huyu mwenzangu wa siku nyingi, akacheka nusu, nusu nyingine akaibakiza... "Moja ya hizi," anasema yule mama wa hazina ya serikali, sauti yake haipandi wala haishuki, "ni sawa na ngapi za zamani?", na muuzaji wa hizi mpya, yule wa suti, viatu vyake vimeshajaa vumbi na kila mara anavipangusa nyuma ya suruali, anamjibu kwa asali, "Mama, usalama hauna bei," na mama wa hazina, "Kama hauna bei, mbona umeniletea bei?", mtu amecheka, nadhani dereva wake, akageuza kicheko kuwa kikohozi, na mimi natabasamu ndani ya shavu kwa sababu gogo halicheki... lakini jenerali naye ana haki yake, anasema, "Adui naye ananunua, mama, hakai akingoja bajeti yetu ipite," na ni kweli, nimeyaona, kuna siku tulipigwa kutoka mahali ambapo risasi ya hii kongwe ikifika imeshachoka, tukalaza vichwa mchangani mpaka jua likazama, kwa hiyo asije mtu akanidanganya kwamba ya zamani inatosha, haitoshi, hawa vijana ninaowafundisha wanastahili kitu bora kuliko hiki kilichonichubua mimi, na ndiyo maana asubuhi nilijiambia, sawa, pembeni kidogo, uongo wa upana wa kiganja, utamuua nani... "Chukueni mfano wa yule kijana wetu wa kule mlimani," sasa ni kanali, amesafisha koo, ameivalisha sauti yake nguo za msibani, "kijana hodari, angekuwa na silaha hii mikononi, leo angekuwa na mkewe"... nani, kijana gani, mlima ni upi, mlima uko mmoja tu na kijana ni mmoja, ni Kobe, anamsema Kobe, shemeji yangu, mume wa dada yangu, tulimwita Kobe kwa sababu alikula polepole mpaka wapishi wakamkimbia na vyombo, yeye ndiye aliyelala ubavuni pangu na darubini yake akinisomea upepo, "Unatoka kushoto, shemeji, mwepesi, kama mtu anayekuja kuomba chumvi," hivyo ndivyo alivyosema, hakujua kusema upepo kwa namba, na sikuwahi kukosa kwa upepo wa Kobe... na kanali anajua, haiwezekani asijue, taarifa nilimpa mimi mwenyewe nikiwa na damu kwenye mikono ya shati, kwamba Kobe alipigwa pajani, kwamba nilimpata aliyempiga, kwa bunduki hii hii, risasi moja, kwamba bunduki haikukataa, ilisema ndiyo mara ya kwanza, kilichokataa ni redio, betri zilikufa, betri tulizoziomba tangu kabla ya mvua na kila tukiomba tunaambiwa ziko njiani, nikalifunga paja kwa mkanda wangu, nikaishika ile redio nikaitikisa kama mtu anayemwamsha mlevi, na chini ya mlima gari lilikuwepo, injini inanguruma, dereva wake aliniambia baadaye huku analia, "Tulikuwa tunangoja mtuite, sajini, tulikuwa tunangoja tu," na Kobe akaniambia, "Shemeji, acha kunitazama hivyo, tazama mbele," nikatazama mbele, na nilipogeuka tena hakuwa na neno jingine... dada aliniuliza siku ya mazishi, hakuuliza mtu mwingine, "Bunduki ilikataa?", nikasema hapana, dada, ni redio, akaingia ndani akafua nguo zote za mumewe, hata zilizokuwa safi, akazianika, akakaa kuzitazama mpaka zikakauka... na leo huyu anamchukua Kobe wangu anamweka mezani kando ya vikombe vya chai, anamgeuza tangazo, angekuwa na silaha hii, angekuwa na mkewe, angekuwa na betri, kanali, betri, kitu cha kushika kwa vidole viwili, na muuzaji anaitikia, "Inasikitisha sana," kama aliyepata punguzo sokoni... basi hapana, haitelezi, hii mikono si yako, ulinipa magwanda na kofia, mikono nilikuja nayo kutoka kwa mama yangu, nitaipiga hii kongwe katikati, na mpya nitaipiga katikati vilevile, kwa sababu ni nzuri, na kama ni nzuri itembee kwa miguu yake, isibebwe juu ya jeneza la shemeji yangu... utanifanya nini, utanipeleka kulinda lango, nipeleke, nitafungua na kufunga, nitawapigia saluti magari yenu, utalifuta jina langu kwenye orodha ya kozi ya kupandishwa cheo, lifute, mume wangu atasema umeanza tena, nami nitamwambia ndiyo, nimeanza tena, pakua tule... "Ningependa kumuuliza mpigaji mwenyewe," anasema mama wa hazina, na kiti kimelia, kanali amejigeuza, "Huyo ni wa kupiga tu, mama, si msemaji," mimi si msemaji, haya, tutaona, na jenerali, "Akimaliza kupiga aulizwe, kuna ubaya gani," ubaya hakuna, mzee, hakuna kabisa, niulize, nitasimama nijifute vumbi magotini niseme hii mpya ni bora kwa kila kitu, ninunulieni hata kesho, lakini Kobe msimtaje, Kobe alikufa kwa betri, na kama mmeleta fedha basi anzeni na betri, nitalisema neno kwa neno mbele ya nyota zote hizo, na sauti ikitetemeka itetemeke, sauti si mkono... kibendera chekundu kule kimenyanyuka kidogo, kimelala, upepo ni mwepesi, nausoma mwenyewe siku hizi... "Mpigaji, tayari?", ni kanali, na katika lile tayari nasikia asubuhi yote, mlango wa ghala, mkono wake begani, nasema, "Tayari, afande," nayo imetoka nyepesi, safi, mpaka mwenyewe nimeshangaa, na huko nyuma mtu anaomba sukari, muuzaji anafungua karatasi nyingine, mama wa hazina ana swali moja zaidi kuhusu bei ya risasi za hiyo mpya, "Subiri kwanza, sajini," anasema kanali, sawa, nasubiri, kidole kiko nje ya kifyatulio, jicho kwenye darubini, ongeeni taratibu, kunyweni chai yenu, kati yetu wote hapa mimi ndiye ninayelipwa kwa kusubiri.