Anakesha

Neno lenyewe lilikuwa hilo: anakesha. Bi Shamima aliona taa ya chumba cha mwanawe Haitham ikiwaka karibu na alfajiri, asubuhi akayaona macho yake mekundu, akaamini kijana anasimama usiku kwa ibada. Habari ikaenea kijiji kizima cha Shumba. Haitham, aliyekuwa akicheza gemu ya simu na binamu zake wa Maskati, hakukanusha. Sifa ilimnogea.

Hata daktari alipomkuta na presha, mikono ikimtetemeka na moyo ukidunda ovyo, akauliza kijana hulala saa ngapi, mama alidakia kwamba anakesha. Daktari aliinamisha kichwa kwa heshima. Akampa vidonge vya kichwa, akamwomba asimsahau kwenye dua.

Msimu wa karafuu ulipofika, Mabruki, mume wa dada yake Haitham, alimchagua kijana huyo amshikie kamba. Tawi la mkarafuu hukatika bila kuaga. Mchumaji hujifunga kamba kiunoni, na mwenzake aliye juu yake mtini huishika ncha ya pili.

"Nimpe nani roho yangu," alitania Mabruki, "kama si mtu wa Mungu?"

Haitham hakufumba macho. Hilo angeliapia. Aliuona mgongo wa shemeji yake ukinyooka kukifuata kishada cha mbali. Mara kamba ikawa inamchana viganja na tawi limeshakatika. Kilichopita katikati hakukijua. Akaibana kamba kwa mikono na magoti, chini Mabruki akaning'inia, akitapatapa, hadi mguu wake ulipopata panda ya tawi.

Waliposhuka, Bi Shamima, aliyekuwa chini na wanawake wengine, alikuwa akilia. Ni kijicho, alisema, majini hawampendi mtu wa ibada. Aitwe Shehe Hamood aje asome. Mabruki alijifuta damu ya kiwiko, akasema haina neno. Akakaza kamba upya kiunoni, akamtupia Haitham ncha ile ile.

Samiha, mke wa Mabruki, alikuwa mkekani na mimba yake kubwa, akiwatazama.

"Jifungue kamba, shemegi," alisema Haitham.

"Umeogopa?"

"Silali. Wala si ibada, mama. Ni simu. Nacheza mpaka adhana, kisha napanda mti. Pale juu nililala macho wazi."

Mabruki akauliza polepole, "Na dua niliyokuomba, ya mtoto wangu?"



Mabruki akaifunga ncha ya kamba kwenye shina, akapanda peke yake. Bi Shamima alinyoosha kiganja mpaka simu ikawekwa humo, akamwonesha mwanawe mkeka walipokaa wanawake na watoto wakichambua karafuu. Kijana ambaye hakukubali kukaa pale hata siku ya mvua, alikaa. Konzi yake ya kwanza ya karafuu ilimmwagikia mapajani. Samiha akawaashiria watoto wanyamaze, keshalala.

Juu ya mti Mabruki aliita, akauliza nani anaitazama kamba. Bi Shamima akaenda kulishika lile fundo kwa mikono yake miwili.